Goti kuvuka vidole si kosa

SWALI: Nina umri wa miaka 34, naishi Morogoro, na huu ni mwezi wa nne tangu nianze kunyanyua vyuma. Mkufunzi anasisitiza kwamba ninapochuchumaa na chuma mabegani, magoti yasivuke vidole vya miguu. Nikimtii nakaribia kuanguka chali. Nikiinama mbele ili nisianguke, kiuno kinauma hadi kesho yake. Sasa ameniambia ninunue mkanda wa kukaza kiuno. Je, utanisaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, mkanda uache dukani kwanza. Haipiti wiki bila mtu mwenye kiuno kinachouma kuja kwangu kwenye tiba ya viungo akiikariri sheria hiyo ya magoti, na karibu wote hushangaa ninapowaambia washuke ngazi za hapo nje huku wakilitazama goti la mguu uliobaki nyuma. Linavuka vidole kila hatua, na sijasikia mtu aliyekatazwa kushuka ngazi kwa sababu hiyo.

Unachokihisi si udhaifu, ni mizani. Ili usianguke, chuma lazima kikae juu ya katikati ya unyayo muda wote wa kushuka na kupanda. Goti likizuiwa lisiende mbele, nyonga hurudi nyuma zaidi na kifua hulazimika kuinama ili kufidia, kwa hiyo mzigo ulioondolewa gotini unahamia nyonga na kiuno. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwapima wanaume 7 waliobeba chuma chenye uzito sawa na wa miili yao, mara magoti yakiwa huru, mara yakizuiwa kwa ubao uliosimamishwa mbele yao. Ubao ulipunguza nguvu ya mzunguko, yaani ile inayokilazimisha kiungo kujikunja, kwenye goti kutoka nyutonimita (kipimo cha nguvu hiyo) 150 hivi hadi 117, lakini kwenye nyonga uliipandisha kutoka 28 hadi kupita 300. Huo ndio usalama unaouziwa. Kweli, mwenye maumivu nyuma ya kilegesambwa huweza kupunguziwa mwendo wa goti kwa muda, ila hiyo ni tiba yake na haiwi sheria ya ukumbi mzima.

Rudi kwenye chuma kitupu, ambacho kwa kawaida ni kilo 20, au shika kilo 8 kifuani kwa mikono miwili. Vuta pumzi hadi tumbo na mbavu zijae pande zote, kaza kama mtu anayesubiri mtoto amrukie tumboni, kisha shuka magoti na nyonga vikikunjika pamoja. Goti lielekee vinakoelekea vidole, likivivuka, livivuke. Ninachokataa ni magoti kuangukiana kwa ndani, visigino kunyanyuka, na kiuno kujikunja kule chini: pale kinapoanza kujikunja ndipo kina chako cha leo kinapoishia. Visigino vikinyanyuka, weka kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, ujaribu kuugusa ukuta kwa goti bila kisigino kuachia sakafu. Ukishindwa, kifundo cha mguu ni kigumu. Kanyagia visigino juu ya ubao mwembamba huku ukiendelea kukilainisha.

Kuhusu mkanda, kazi yake ni kulipa tumbo lililojaa pumzi kitu cha kusukuma, na asiyejua kukaza tumbo amevaa pambo tu. Afadhali hata huo, kuliko wanaochomwa sindano ya maumivu mtaani asubuhi ili jioni waongeze uzito. Mmoja wao alinijia akiwa hawezi kuvaa viatu mwenyewe, na swali lake la kwanza lilikuwa lini atarudi kwenye vyuma. Maumivu yakishuka chini ya goti, au unyayo ukifa ganzi, acha vyuma umwone daktari. Ganzi ikiingia sehemu za siri au mkojo ukigoma, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.