Mhuri wa homa ya manjano hautoshi kwa Umra

Begi la mamangu lilikuwa limeshafungwa ndipo nikamwomba kadi yake ya njano ya chanjo niitazame. Ilikuwa na mhuri mmoja tu, wa homa ya manjano. Wakala wa safari alikuwa ametuambia, "Hiyo yatosha, ile ya uti wa mgongo ni ya Hija." Si kweli. Saudia huitaka chanjo ya homa ya uti wa mgongo kwa wa Umra vilevile, kuanzia mtoto wa mwaka mmoja.

Tukaenda kuchanjwa. Muuguzi aliweka kidole kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu kimyakimya siku zilizobaki kabla ya safari. Siku kumi na mbili. "Mmewahi," akasema. Sharti mtu achanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika, mwili upate kujenga kinga.

Muulize muuguzi wako kabisa kama chanjo ni ya aina nne za bakteria wa ugonjwa huu: A, C, W na Y. Baada ya mlipuko wa aina A kwenye Hija ya 1987, mahujaji walitakiwa kuchanja A na C. Kisha mwaka 2000 na 2001 ikazuka W135, yaani aina W, ikarudi na mahujaji majumbani na kuwaangusha watu ambao hata Makka hawajafika. Na mwaka 2024 waliotoka Umra waliugua Marekani, Uingereza na Ufaransa, wengi wao hawakuchanjwa.

Bakteria hawa hukaa kooni, na mtu huwabeba bila kuumwa. Sisi tulilala wanne chumba kimoja, na mamangu, kwa ukarimu wake, hanywi chai bila kumpa jirani kikombe. Hilo ndilo lililokuwa likinitia hofu, hata zaidi ya msongamano wa tawafu, kule kuizunguka Kaaba.

Ukirudi ukapata homa kali, kichwa, shingo kukaza, kutapika au macho kukataa mwanga, kimbia hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Mwambie daktari umetoka Umra. Vipele vya ugonjwa huu kwenye ngozi yetu nyeusi havionekani upesi. Tazama viganja, nyayo na ndani ya kope. Wanaoishi nawe nao wapewe dawa ya kinga.

Jambo la mwisho, ambalo muuguzi yule alilifanya bila kuombwa: aliandika jina kamili la chanjo kando ya tarehe. Ya konjugeti, yenye sukari ya bakteria iliyounganishwa na protini, inakubalika miaka 5; ya polisakaraidi, yenye sukari hiyo peke yake, miaka 3. Isipoandikwa ni ipi, utahesabiwa mitatu.