Mnaouliza treni inafika saa ngapi

Wiki tatu zilizopita niliandika mistari miwili tu hapa: kwamba nikichoshwa na kelele za Mwanza huwa napanda treni hadi Tabora, nanunua asali, nalala usiku mmoja, narudi. Mistari hiyo miwili imeniletea maswali ishirini na moja. Kumi na moja kati yake ni swali moja, kwa hiyo tulimalize hilo kwanza.

Treni inafika saa ngapi?

Ukienda Tabora, kesho. Ukienda Dar, kesho kutwa. Mkitaka dakika, stendi ya Nyegezi ina mabasi ya alfajiri yanayoingia Dar usiku wa siku hiyo hiyo, na mtashuka miguu imevimba.

Mimi ni mhasibu wa Buzuruga. Nina siku nne za likizo na daktari amesema nipumzike. Nikienda Dar kwa treni na kurudi kwa ndege, nitakuwa nimepumzika?

Inategemea unabeba nini. Najua watu wanaopanda na kompyuta, simu mbili na faili la mkopo wa gari. Hao hata ukiwalaza kitandani mwezi mzima wanaamka wamechoka. Ukiweza kuviacha nyumbani, jibu ni ndiyo.

Ila elewa unachopanda. Hii ni reli ya upana wa mita moja, ya njia moja. Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, vita vikawakuta hapo. Tawi letu la Tabora hadi Mwanza wamelimaliza Waingereza 1928. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilikuwa inavuka ziwa kwenda Kisumu, ambako reli ilifika tangu 1901, ndipo ishuke Mombasa. Sasa njia ikiwa moja, treni mbili zikikutana lazima moja isubiri stesheni. Ndiyo maana utajikuta umesimama Malampaka au Bukwimba nusu saa, kimya, unasikia mbuzi na mtu anakohoa behewa la tatu. Abiria mgeni hapo ndipo anaanza kusonya na kuuliza kuna tatizo gani. Hakuna tatizo, tunapisha. Mzee mmoja wa Kwimba niliyekaa naye aliniambia yeye hushuka kila wanapopisha, anajinyoosha, anasalimiana na mkuu wa stesheni, anarudi. Miaka yote hiyo hajawahi kuachwa. Mimi nusura niachwe, nitawaambia mbele.

Ndege ya kurudi usiikatie siku ileile ya kufika Dar. Weka siku moja katikati. Na kama likizo yako ni Machi au Aprili, uliza kwanza: mvua za masika zimeshaikata reli hii maeneo ya Kilosa na Gulwe mara nyingi kiasi kwamba haipaswi kumshangaza mtu tena. Kwa siku nne, kwa kweli, mimi ningeishia Tabora.

Nikae upande gani nilione ziwa?

Kulia, ukitoka Mwanza. Na usichelewe kukaa, maana ziwa unaliaga mapema. Baada ya hapo ni mawe yaliyopandiana, majaruba ya mpunga, kisha mbuga za Usukuma ambazo hazina haraka ya kuisha. Anayetaka maji safari nzima asome swali la meli hapo chini.

Mume wangu anasema treni ni ya watu waliokosa nauli ya basi. Nimwambie nini? Dada wa Igoma.

Dada yangu, mwambie hivyo hivyo alivyosema: ndiyo, ni ya watu waliokosa nauli ya basi, na ya mama wenye mizigo, na ya wanafunzi, na ya wastaafu, na ndiyo maana mazungumzo yake ni matamu. Huyo shemeji nimemsikia sana, anakaa kila mtaa wa mji huu. Ndiye huyo huyo anayeona picha za wazungu kwenye treni za Uswisi anasema "wenzetu wanafaidi". Wanafaidi nini? Wamekaa dirishani wanatazama milima. Sisi tuna milima ya mawe ya Mwanza, mibuyu ya Ugogo na bonde la Mkondoa kule Kilosa, lakini kwa kuwa anayetazama ana kapu la viazi miguuni, eti huo ni umaskini.

Mbinu: usimwombe mwende Dar. Mwombe mwende Shinyanga tu. Akizoea mtaongeza. Na mkilala, jua kwamba daraja la pili kulala lina vitanda sita chumba kimoja, wanaume kwao na wanawake kwao. Mkitaka kuwa pamoja nunueni chumba kizima au kateni daraja la kwanza, vitanda viwili. Kamwe usimwahidi chumba halafu ukakate tiketi za kukaa. Ndoa nyingine zinafia stesheni.

SGR, hii reli mpya ya umeme, ikifika Mwanza si itakuwa raha zaidi?

Itakuwa haraka zaidi. Treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma nimeipanda, ilianza kubeba abiria mwaka 2024, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Ni nzuri, ni safi, na nikiwa na kesi Dodoma nitaipanda tena. Lakini dirisha halifunguki, na kituo kikipita unaona rangi tu. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, kikikamilika nitashangilia kama ninyi. Ombi langu ni moja, na nitalirudia hadi mnichoke: reli ya zamani isiachwe ikaota majani. Mizigo iendelee kupita humo, na tuachiwe walau treni moja ya abiria ya kwenda polepole. Reli ikishang'olewa, mataluma yake mtayakuta ni nguzo za mabanda ya ng'ombe.

Naogopa wizi. Ni salama?

Usiku funga dirisha, hasa treni inaposimama. Vibaka hawapandi, wanapitisha mkono. Muulize mhudumu wa behewa kigogo cha kukazia dirisha, na begi lisiwe mlangoni. Tiketi ukakate dirishani mwenyewe. Anayekufuata nje na kukuambia nafasi zimeisha ila yeye anayo, huyo usimjibu hata salamu.

Mtandao upo njiani?

Hapa upo, pale haupo. Nilifikiri mlisema mnataka kupumzika.

Sisi wa Musoma hatuna reli. Tufanye nini?

Njooni Mwanza. Reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma nimeisikia kwenye mipango tangu nikiwa na nywele.

Meli ya Bukoba inaweza kuchukua nafasi ya treni kwa mtu anayetaka utulivu?

Inaweza, na kwa mtu wa Mwanza pengine inazidi. MV Victoria inaondoka usiku, unalala, unaamka Kemondo wanashusha mizigo, halafu Bukoba na ukungu wake. Usilale mapema. Kaa nje saa ya kwanza, utazame taa za Kirumba na vilima vikishuka nyuma yako, halafu giza, halafu taa nyingine mbele, nyingi, kama mji umehamia majini. Hao ni wavuvi wa dagaa na karabai zao. Mara ya kwanza nilimuuliza baharia ule ni mji gani. Alinionea huruma.

Hamkuniuliza ila nasema: chombo kikijaa, shuka. Watu wa ziwa hili hatuhitaji kukumbushwa tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, wala 20 Septemba 2018, ilipozama MV Nyerere. Hiyo ya pili, kivuko cha Ukara, ilikuwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake, na zaidi ya 200 hawakurudi. Anayekwambia "jibane tu, tunafika sasa hivi" mwache afike.

Njiani tunakula nini?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote na limeulizwa na mtu mmoja tu. Behewa la chakula lipo, wali na nyama. Lakini chakula cha treni kiko dirishani: michembe na karanga Usukuma, asali Tabora, zabibu Dodoma, na kuku Saranda. Utaratibu: pokea chakula kwanza, hesabu chenji, ndipo utoe noti. Si kwamba wauzaji ni wezi. Treni ikianza kutembea yule mama atakimbia na chenji yako mkononi hadi aishiwe na jukwaa, na roho itakuuma wewe.

Mimi Saranda nilishuka. Niliona kuku wa mbali ni mkubwa kuliko wa dirishani. Nikawa nabishana bei, kichwa kikapiga honi, nikadhani ni ya kutuamsha tu. Nilidaka mlango wa behewa la mwisho, kuku kwapani, kandambili moja mguuni. Mhudumu akaniuliza kama nyingine naifuata kesho.

Nauli ni shilingi ngapi, na ni siku zipi?

Siandiki nauli, zinabadilika kabla wino haujakauka, na siku vilevile. Stesheni iko pale mjini, tembea. Ukifika, niulizie na mimi ratiba ya mwezi ujao.