Tofu kwa mtoto mdogo: majibu ya maswali yenu

Mwanangu ametimiza miezi 6 juzi. Tofu anaweza kula? (Mama wa mtoto wa kwanza, Mikindani)

Anaweza. Umri huo ndio wa kuanza chakula cha nyongeza, na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa yakawa bonge laini, haina mfupa wala ganda. Ichemshe kidogo, iponde kwa uma, ilainishe kwa maziwa yako, mwonjeshe nusu kijiko cha chai. Iwe asubuhi, siku ambayo humpi chakula kingine kigeni, kwa sababu soya huwaletea mzio baadhi ya watoto. Mwangalie saa 2 za mwanzo: vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, kutapika. Akipumua kwa shida, usingoje, mkimbize hospitali. Akiwa salama, kesho mwongezee. Kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Mama yake amerudi kazini. Nimpe maziwa ya soya ya nyumbani badala ya ziwa? Ana miezi 8. (Baba, Kilwa Masoko)

Hapana, baba. Hayana virutubishi vya kumtosha mtoto wa umri huo. Mama akamue maziwa yake, yabaki nyumbani.

Huku dukani tofu haipo. Naitengenezaje? (Dada, Masasi)

Loweka kikombe 1 cha soya usiku kucha. Asubuhi saga kwa blenda na vikombe 6 vya maji (kinu nacho kinafaa, kama mikono inaruhusu), kisha chuja kwa kitambaa safi. Maziwa hayo yachemke kwelikweli, dakika 15 tangu yaanze kutokota, kwa moto mdogo huku ukikoroga, maana hufura na kumwagika ghafla. Hapa ndipo wengi wana haraka. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na dawa yake ni moto.

Epua, yapoe kidogo, kisha tia taratibu vijiko 3 vya juisi ya ndimu iliyozimuliwa kwa maji. Yakikatika mabonge, yaache dakika 10, mimina kwenye kitambaa, kamua, gandamiza kwa kitu kizito nusu saa. Kwa joto letu, kama huna friji, iliwe siku hiyohiyo. Kwenye friji izamishe ndani ya maji safi, uyabadilishe kila siku, isizidi siku 3.

Jambo moja: tofu ya ndimu ina kalisi (madini ya kujenga mifupa) kidogo kuliko ya kiwandani iliyogandishwa kwa chumvi ya kalisi. Dagaa wa kusaga wana kalisi nyingi, wasitoke jikoni.

Karanga zilimvimbisha midomo mwanangu. Soya je? (Mama, Lindi mjini)

Zote ni mikunde, ingawa wengi wenye mzio wa karanga hula soya bila shida. Lakini kwa huyo ambaye midomo ilishavimba, usijaribie nyumbani. Muone daktari kwanza.

Nasikia soya itamfanya mjukuu wangu wa kiume awe kama msichana. Halafu tofu ya nini, na choroko tunazo? (Bibi, Newala)

Shikamoo bibi. Maneno hayo yametokana na isoflavoni, vitu vilivyomo kwenye soya vinavyofanana kidogo na homoni ya kike. Kwa kiasi cha chakula cha kawaida havijaonekana kumbadilisha mtoto wa kiume. China na Japani wanakula tofu karne na karne, na wavulana wao ni wavulana.

Hilo la pili sikubishii. Mtoto anayepata choroko, mbaazi na samaki hapungukiwi kitu kwa kutoijua tofu. Mimi naisifia ulaini tu. Korosho na karanga nzima, ambazo kwetu hazikosi sebuleni, humpalia mtoto wa chini ya miaka 5. Mpe zilizosagwa laini ndani ya uji.

Mapacha wangu wana miezi 10. Mmoja anaila, mwenzake anatema. (Mama, Nachingwea)

Simlaumu, tofu tupu haina ladha. Ipike kwenye tui la nazi na nyanya ifyonze mchuzi, au iponde pamoja na boga. Usitie chumvi wala sukari, na asali ni marufuku kabla ya mwaka 1. Akimaliza tu kula, mpe kipande cha chungwa au embe, vitamini C yake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye tofu. Wakatie tofu vipande laini vya urefu wa kidole wajishikie wenyewe, ukiwa umekaa nao. Kutema mara 10 kabla ya kukubali ni kawaida kabisa. Pumzika siku 2, kisha mletee tena kidogo, bila kumshindanisha na mwenzake.