Jibu: Waya za meno za kujifunga zenyewe, mtoto yuko Kigoma

Dada, umeuliza kama hizi waya za kunyoosha meno, za kujifunga zenyewe, zinafaa kwa binti yako, na kama kweli humaliza kazi mapema. Ziko hivi: kila kibati kinachogandishwa kwenye jino kina kilango chake, badala ya vimpira vya kubana waya. Daktari anafungua, anabadili waya, anafunga. Kitini hukai sana, na hakuna mpira wa kunyonya rangi. Mimi niliwekewa zile za vimpira. Wiki moja ya mchuzi wa binzari na mawese, mdomo ukawa kama embe bivu!

Ila hilo la kumaliza mapema usililipie hela ya ziada. Tafiti zilizolinganisha aina hizi mbili hazikuona tofauti ya maana, si kwa muda wala kwa maumivu. Mkono wa daktari ndio kazi. Tena uliza nani atamfuatilia, kwa sababu marekebisho ni kila baada ya wiki kadhaa. Kama bingwa yuko Dar, piga kwanza hesabu ya nauli ya treni.

Samaki wa mgebuka binti ataendelea kumla. Mahindi ya kuchoma asahau kwanza.