Swali la lugha: sinema, filamu, picha au muvi?

Msomaji kaniandikia hivi: "Nimeandika insha ya historia ya sinema kuanzia miaka ya 1950 mpaka leo. Mwalimu kanikatia sinema kila mahali kaweka filamu, muvi kaizungushia duara jekundu, na pale nilipoandika mafilamu kaweka alama ya kuuliza. Sasa mi nauliza, lipi sahihi? Alafu kama siku hizi kila kitu ni dijitali, hiyo filamu yenyewe iko wapi?"

Hilo la mwisho ndo swali zuri kuliko yote, ngoja nianzie hapo hapo.

Filamu ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Neno limetujia kupitia Kiingereza, na huko maana yake ya zamani ni utando, ngozi nyembamba. Na kweli ilikuwa ngozi nyembamba, utepe wa upana wa milimita 35 wenye vitundu pembeni, unapita mbele ya taa kwa kasi ya picha 24 kila sekunde, yaani kazi ya dakika 90 ukiunyoosha utepe wake chini unakaribia kilomita mbili na nusu! Tena zile za mwanzo zilikuwa za nitrati, ikishika moto hata maji hayaizimi, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndo ikaachwa, ikabaki ya asetati ambayo haiwaki hovyo. Utepe huo ukatawala weee, 1999 majumba machache yakaanza kuonyesha kwa projekta ya dijitali, na kufikia 2014 studio za Marekani zilikuwa zimeanza kuacha kupeleka nakala za utepe kwenye majumba ya kwao. Kwa hiyo kitu kimeondoka, jina limebaki. Kuna kosa? Hamna. Mbona simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na hiyo iliyoko mkononi mwako waya iko wapi, na bado unapiga simu.

Haya, sinema. Mzizi wake ni Kigiriki, mwendo. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliita mashine yao cinématographe, wakaonyesha watu kwa kiingilio jijini Paris Desemba 1895, na jina likafupishwa likasambaa. Kwa Kiswahili lina kazi ambayo filamu haiwezi kuifanya, we jaribu tu kutamka: "naenda sinema" inakaa vizuri, "naenda filamu" inagoma. Watu wakigombana barabarani tunasema "sinema ya bure", hakuna anayesema filamu ya bure. Maana sinema ni mahali, ni tukio, na ni sanaa nzima kwa ujumla wake, wakati filamu ni kazi moja moja.

Zamani tofauti hiyo haikusumbua mtu kwa sababu ukitaka filamu lazima uende sinema. Kilichokuja kuyatenganisha haya maneno, kwa maoni yangu, ni televisheni. Miaka ya 1950 ilipoingia majumbani kwa wingi huko Marekani watu wakapunguza kwenda, Hollywood ikajibu kwa kutanua skrini, CinemaScope ikatoka 1953, pana mpaka ugeuze shingo, lakini wapi, kazi zile zile zikaanza kuonekana sebuleni. Alafu zikaja kanda za video za kuangalia nyumbani, Sony wakatoa Betamax 1975, JVC wakafuata na VHS 1976, na hapo tukapata neno jipya, mkanda. "Huu mkanda nshauona", "mikanda ya kareti", yaani filamu ikahama ngeli ikaenda kwenye u- na i- kwa sababu tu ya kile kiboksi cheusi. DVD ilipokuja mkanda ukazeeka haraka sana, sikuhizi ukilisema hilo neno umri wako umejulikana.

Lakini ninalolipenda mimi ni picha. Hapa wasemaji wamefanya kitu ambacho hakuna kamati iliyokaa kukipanga. Picha ya mnato ni "picha hii, imepigwa". Ikiwa inatembea, watu wanasema "picha hili, limechezwa na nani?" Umeona? Neno lile lile, ngeli imebadilika, na kiambishi tu ndo kinakwambia tunazungumzia filamu. Ndo maana mtu akianza kusimulia kisa mtandaoni anaandika "picha linaanza", akiandika "picha inaanza" utamu wote umekwisha. Na ndani ya picha hilo kuna steringi, ambaye kalitoa jina lake kwenye yale maandishi ya mwanzo yanayotaja wachezaji, starring, watu wakasoma wakadhani ndo cheo chake. Kosa tamu kama hilo huwezi kulirekebisha tena na usijaribu.

Mtego mmoja wa leo. Tangu Netflix walipoanza kurusha kwa intaneti 2007 (kabla walikuwa wanatuma DVD kwa posta) watu wanatafuta neno, wengine wanaandika "nimeangalia filamu mubashara Netflix". Hapana. Mubashara ni kitu kinachotokea muda huo huo unaotazama, kama mechi. Filamu iliyoshutiwa miaka miwili iliyopita haiwezi kuwa mubashara hata uitazame saa ngapi. Sema kutiririsha ukiwa rasmi, kustrimu ukiwa na washkaji, au "nimeitazama mtandaoni" basi imetosha.

Muvi? Kwenye chati iko sawa kabisa, kwenye insha ya shule mwalimu ana haki ya duara lake. Mafilamu nayo ifute, ni filamu hii, filamu hizi, ile ma- inaingia pale unapoyabeza tu ("mafilamu yenu hayo yasiyoisha"), na sidhani ulikuwa unayabeza. Ila kwenye kichwa cha insha mwalimu kakosea, mrudie kwa adabu umwambie: historia uliyoandika ni ya sanaa nzima na majumba yake na watu wake, hiyo ni historia ya sinema, filamu zimo ndani.