Maswali ya Wasomaji: Mke wa Mahuta na Jini wa Husuni Kubwa

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Newala. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya ya mapenzi kati ya msichana wa Mikindani na mfalme wa kuzimu, niliyemtoa katika kisasili cha Wagiriki cha Hades na Persephone. Wenzangu wanaoisoma wananiambia kwamba inanukia tafsiri. Je, nibaki na Wagiriki au nitafute visasili vya kwetu?
Mwalimu, Newala

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kumwazima Hades si kosa, kwa kuwa visasili vimeazimwa tangu zama za kale, ila nashuku kwamba umeazima jina na kiti cha enzi ukaiacha kokwa. Kokwa ya kisasili kile ni punje za komamanga: Persephone, mke wa Hades, alikula chakula cha kuzimu, na kwa sababu hiyo hakuweza kurudi kwa mama yake moja kwa moja, bali ilimbidi kila mwaka aigawanye miezi yake kati ya mama na mume. Mapenzi ya binadamu na kiumbe asiye binadamu husimama juu ya sharti la namna hiyo, yaani mwiko wenye gharama. Ukitueleza msichana wako wa Mikindani alikula nini, na nani anamlilia nyumbani kwa sababu amekula, harufu ya tafsiri itatoweka hata kama mfalme atabaki na jina la Kigiriki.

Hata hivyo, kwa mtu anayeishi Newala, mimi ningeanzia karibu zaidi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika katika uwanda wenu, na katika kitabu chake akanukuu simulizi la asili ya Wamakonde. Simulizi hilo linasema kwamba Mahuta, mahali katika uwanda huo, zamani ilikuwa kichaka kinene kitupu, na kutoka humo akatokea mtu asiyeoga wala kunyoa nywele, ambaye alikula na kunywa kidogo sana. Mtu huyo alichonga umbo la binadamu kwa mti uliomea mahali pa wazi, akalipeleka kichakani kwake na kulisimamisha, na usiku likawa mwanamke hai. Wakateremka pamoja hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakaenda hadi bonde la Mbwemkuru, akajifungua wa pili, naye akawa mfu. Waliporudi Mahuta, juu kichakani, ndipo alipozaliwa wa tatu, akaishi. Baba huyo akawausia wanawe wawazike wafu wao wima, kwa kumkumbuka mama yao aliyepata uhai akiwa amesimama, na wasijenge mabondeni karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko ndiko yanakokaa maradhi na mauti.

Mshairi wa Kirumi Ovid anacho kisa kinachokaribiana na hicho, cha Pygmalion aliyechonga mwanamke kwa pembe ya ndovu, akampenda, naye Venus akamtia uhai. Ovid anahitimisha kwa ndoa na mtoto, hali simulizi la Mahuta linawapitisha wenyewe kwenye misiba miwili kabla ya kuwapa furaha. Sifichi kwamba kwangu la Mahuta ndilo kubwa zaidi.

Sasa tazama mahali simulizi lilipokaa kimya, maana hapo ndipo penye riwaya. Mwanamke yule hasemi hata neno moja. Mti wake ulimea mahali pa wazi, lakini yeye anazindukia kichakani, ubavuni mwa mtu asiyejua maji ya kuoga. Je, alimpenda au alimkuta tu? Na nani aliyetoa shauri la kwenda mtoni? (Sidhani kama shauri hilo lilitoka kwa yule mwanamume.) Zaidi ya hayo, mti huishi kwa maji, na maji ndiyo yaliyomnyang’anya watoto wawili, kwa hiyo anayempenda mumewe na kutaka kizazi lazima aishi mbali na kile ambacho mwili wake wa kwanza ulikuwa ukikitamani. Mwiko kama huo hauhitaji kuombwa Ugiriki, na kila mzee wa uwanda wa Makonde aliyeteremka bondeni alfajiri kuteka maji atauelewa bila kufafanuliwa.

Nina tahadhari mbili tu. Usimfanye mwanamke huyo kuwa wa mpingo kwa sababu eti mpingo ndio unaonunuliwa na watalii. Simulizi halikutaja aina ya mti, nawe una uhuru wa kuchagua mti ambao maua yake, utomvu wake au kivuli chake kitakusaidia kumjenga. Pili, yanayofundishwa jandoni na unyagoni, pamoja na siri ya anayecheza ndani ya barakoa ya mapiko, ngoma ya Wamakonde, yaache yalipo, hata kama uliyashuhudia mwenyewe.

SWALI: Mhusika wangu ni jini mahaba anayeishi katika magofu ya Husuni Kubwa, jumba la kale la masultani huko Kilwa Kisiwani, tangu siku za msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331, na leo amempenda binti anayewatembeza wageni kisiwani. Nitaonyeshaje kwamba ana umri wa karne karibu saba?
Binti wa Kilwa Masoko

JIBU: Binti yangu, anza na chakula. Katika sura uliyoniletea, jini anakumbuka mwaka 1331 alivyokuwa akipumzika chini ya mkorosho na kunusa mihogo ikichomwa. Korosho na muhogo zote asili yake ni Amerika, na zilifika pwani yetu baada ya Wareno, ambao waliivamia Kilwa mwaka 1505. Mpe mnazi na mtama. Mpe pia birika la pembe nane la jumba lile, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimsifu kwa ukarimu. Mkongwe hatambuliwi kwa kutaja tarehe. Hutambuliwa kwa kutafuta mlango mahali ambapo leo pana ukuta mtupu.

Kuhusu sharti, habari za kale za Kilwa zinakupa la kutosha. Zinasema mtawala Mrimba alikiuza kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, kisha akahamia bara, na mgeni aliyekinunua akasoma Kurani na kutoa sadaka ili mkondo usikauke tena maji yanapokupwa, adui asije akavuka kwa miguu. Je, kisomo kile kilimfunga nani mwingine upande wa kisiwani? Binti yako hupanda mashua kila jioni kurudi Masoko. Jini hawezi.

Ila kumbuka kwamba hakuna msomaji wako mwenye shangazi aliyesumbuliwa na Hades, lakini wako wengi pwani hii wanaomjua msichana ambaye posa zake zilivunjika moja baada ya nyingine, na familia ikamlaumu jini mahaba. Kwa hiyo usimpambe tu kwa macho mazuri na sauti nzito. Wivu wake uonekane na umdhuru mtu. Na binti akimpenda kwa sababu amepagawa, hapo hakuna mapenzi ya kusimulia. Lazima uje wakati ambapo jini anamwachilia kabisa, na sisi tusijue kama atapanda mashua.

SWALI: Mhariri, wasomaji wa mapenzi wanataka wapendanao wabaki pamoja, lakini visasili humalizika kwa msiba. Ninaandika upya kisa cha Orpheus na Eurydice. Je, naruhusiwa kuubadili mwisho?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Unaruhusiwa, ndugu yangu, mradi usiifute bei. Orpheus, mwimbaji wa visasili vya Kigiriki, alimfuata mkewe Eurydice aliyekufa, akawalainisha wa kuzimu kwa wimbo, akapewa mkewe kwa sharti kwamba asigeuke nyuma hadi watakapofika juu, naye akageuka. Safari nzima mke anamfuata kimya. Mruhusu aseme njiani, amwambie mumewe kwamba yupo, kisha amua sauti hiyo italipiwa na nini. Mimi ningechukua sauti ya Orpheus: wafike juu wote wawili, naye asiweze kuimba tena.