Konda anakimbia, dereva amekaa

Nimeendesha daladala miaka 19, na muda wote huo mbio nimemwachia konda. Yeye ndiye wa kuning'inia mlangoni, kushuka, kupiga debe, kurudi mbio gari likiwa limeshaanza kutembea. Mimi nakanyaga klachi. Mwaka juzi nikapimwa presha: 154/98. Nesi akarudia mkono wa pili, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia, akaguna tu.

Kumbe mambo haya ya konda na dereva yalishachunguzwa zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walitoa matokeo yao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Makonda, waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Na wote walikuwa kwenye basi lile lile!

Sababu moja iko ndani ya mishipa yenyewe. Mshipa wa damu una utando mwembamba wa chembe hai upande wa ndani. Ukitembea kwa kasi, damu hupita mbio na kuusugua utando huo, nao hutoa gesi inayoitwa naitriki oksaidi. Gesi hiyo hulegeza misuli ya ukuta wa mshipa, njia ikapanuka, moyo ukapumua. Wanasayansi watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake. Ukishinda umekaa, msuguo unapungua, utando unazembea, na miaka ikienda mishipa inakakamaa.

Nilianza vibaya. Jumamosi ya kwanza nilijiunga na vijana wa jogging, nikalazimisha kilomita nane. Jumapili klachi ilinishinda, na wiki tatu nzima sikutaka kusikia neno mazoezi. Usifanye hivyo. Nilichokuja kukiweza ni kutembea: nikishalaza gari usiku, narudi nyumbani kwa miguu, dakika 30 za haraka, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Stendi nikisubiri zamu, badala ya kukaa kwenye kahawa nazunguka.

Baada ya miezi minne kipimo kilisoma 136/86. Sidanganyi, vidonge nilikuwa nameza na chumvi ya mezani nilishaiacha, kwa hiyo sifa zote siwezi kuipa miguu. Uzito? Kilo mbili tu, na kitambi kipo, konda bado anakitania. Wengi huacha hapo, wakiona mizani haishuki wanadhani wanapoteza muda, wakati mshipa unaweza kunufaika hata tumbo likibaki lilivyo. Lakini mshipa nao hauna akiba: masika yaliponifungia ndani karibu mwezi, presha ikapanda tena.

Vidonge usiviache bila daktari. Na kifua kikibana njiani, simama, nenda hospitali, usisubiri kesho.

Konda wangu sasa anajifunza udereva. Nimemwambia kabla ya leseni anunue raba.